Malaika ni wimbo wa mshahara

Kwa miaka mingi nimekuwa nikibishana na watu kuhusu Malaika, na ubishi wangu huanza palepale: huo si wimbo wa harusi. Mwenye kinanda akimwona bibi harusi anaingia ukumbini, vidole vyake vinakwenda vyenyewe. Mashangazi wanapunga leso, mshereheshaji anawataka watu wasimame wampokee malaika wao, na bwana harusi aliyetoa mahari mpaka shilingi ya mwisho anatembezwa kwenye zulia huku akiimbiwa habari za kijana aliyeshindwa kuitoa. Hakuna anayeshtuka. Nikilisema hilo mezani naambiwa nina roho mbaya, nile pilau yangu ninyamaze.

Basi nanyamaza, lakini hapa blogu ni yangu.

Chukua maneno ya wimbo wenyewe uyatazame kama unavyotazama mkataba kabla ya kutia sahihi. Beti zake zinatofautiana kwa mstari wa mwanzo tu. Mara mpenzi anaitwa malaika, mara anaitwa kidege, na mara mwimbaji anaacha kumsifu na kusema wazi kwamba pesa zinamsumbua roho. Yanayofuata ni yaleyale kila ubeti: afanyeje, ameshindwa, mali hana, angemwoa. Mahali ambapo nyimbo nyingi za mapenzi huweka ahadi au busu, mtunzi wa huu ameweka ukata, tena ameuweka kwenye kiitikio ili usikwepeke. Unaweza kusahau kidege. Huwezi kusahau kwamba jamaa hana kitu, kwa sababu anakukumbusha kila baada ya nusu dakika.

Na tazama wasiokuwamo. Hamna baba mkali aliyekataa posa, hamna tajiri aliyemnyakua binti, hamna shangazi mchochezi. Binti mwenyewe halaumiwi hata kidogo, na hilo si jambo dogo ukikumbuka nyimbo za dansi za zama zile zilivyopenda kuwashambulia wanawake wa mjini kwa tamaa, mikorogo na visigino virefu. Kijana huyu anajiita "kijana mwenzio", akasimama usawa mmoja na anayemwimbia, hajishushi wala hajikwezi. Kama kuna mshtakiwa katika wimbo, ni mfuko wake mtupu.

Sasa mimi huwa nauliza: kwa nini mfuko ulikuwa mtupu? Maana huyu hatuambiwi ni mvivu wala mlevi. Swali hili watu hulipita haraka, na kwangu ndilo lenye utamu wote.

Pwani na bara ya Kenya katika miaka ya 1940 na 1950 zilijaa vijana wenye kazi na wasio na mali. Mtaita alishuka kuvuna mkonge Mwatate au Taveta, au akapanda treni kwenda Mombasa. Mgiriama, Mkamba na Mluo walikutana bandarini Kilindini kubeba magunia. Nairobi kulikuwa na reli, viwanda na nyumba za Wazungu zilizohitaji wapishi na watunza bustani. Kila mwanamume mzima alibeba kipande, ile hati ya utambulisho ya kikoloni, kila mwanamume mzima alidaiwa kodi, na kodi haikupokewa kwa mbuzi. Alipotakiwa kulala, alilala chumba kimoja na wenzake kadhaa, kitanda kando ya kitanda, kwa kuwa nyumba zile zilijengwa kwa ajili ya mwanamume aliyekuja peke yake na atakayerudi kwao siku nguvu zikimwishia.

Mshahara nao ulipimwa kwa kipimo hichohicho. Ulikuwa mshahara wa kapera. Hesabu yake ilikuwa chakula cha mtu mmoja, nguo za mtu mmoja, kitanda cha mtu mmoja. Mke na watoto walitarajiwa kujilisha kwa jembe kule nyumbani, kwa hiyo mwajiri hakuwahesabu. Wafanyakazi wa Mombasa waliligomea jambo hili mwaka 1939, wakiwa na madai ya ujira na nyumba. Januari 1947 wakagoma tena, safari hii mji mzima, watu wapatao 15,000: bandari, reli, hoteli, mpaka watumishi wa majumbani. Chege Kibachia, aliyeongoza shirikisho la wafanyakazi lililozaliwa katika mgomo ule, alikamatwa mwaka huohuo akapelekwa kizuizini.

Kisha mwaka 1954 serikali ya kikoloni yenyewe ikakiri kwa maandishi. Kamati iliyoongozwa na Carpenter ilichunguza mishahara ya Waafrika na kuona kwamba karibu nusu ya wafanyakazi wa mijini katika kampuni za watu binafsi, na karibu robo ya walioajiriwa na serikali, walilipwa ujira usiotosha mahitaji ya msingi ya mtu mmoja. Mtu mmoja, nasisitiza, kabla hajafikiria kuoa. Kamati ikapendekeza ujira uache kupimwa kwa mahitaji ya kapera upimwe kwa mahitaji ya mwenye familia. Ile ripoti ni ndefu na ina majedwali. Malaika inachukua dakika tatu hivi kusema jambo lilelile, tena kwa gitaa.

Huku mishahara ikiwa hivyo, mahari nayo ilikuwa inabadilika. Zamani ilihesabiwa kwa mifugo na pombe ya wazee, na mifugo ilikuwa ya ukoo: kijana alisaidiwa na baba, wajomba, ndugu. Fedha zilipoingia, wazee nao wakaanza kuhesabu kwa shilingi, kwa kuwa wao pia walidaiwa kodi na karo. Mzigo uliokuwa wa ukoo mzima ukamwangukia yule mmoja aliyekwenda mjini, kwa hoja kwamba yeye ndiye anayeshika pesa. Kwa hiyo "mali sina" si unyonge wa kijana mmoja mwenye gitaa. Ni hesabu iliyopangwa ofisini, na haikukusudiwa ifike kwenye ndoa.

Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa mpagazi wa bandari ujana wake. Alipokuwa akitusimulia habari za kazi ile, hakuuimba Malaika kwa msichana yeyote. Aliuimba kwa karani aliyekuwa akigawa ujira dirishani: "Karani, nakupenda karani," na kwa kuwa karani ana silabi pungufu, aliziba pengo kwa "we" ndefu ya kejeli. Yaliyofuata hakuyabadilisha hata neno moja, na yalikaa sawasawa: nami nifanyeje, nashindwa, mali sina. Sisi watoto tulidhani mjomba anaharibu wimbo. Siku hizi naona alikuwa anaurudisha mahali ulikotoka.

Wimbo huu ni wa nani basi? Hapa ndipo Wakenya na Watanzania huacha kupeana chai. Jina linalojulikana zaidi ni la Fadhili William Mdawida, Mtaita aliyezaliwa mwaka 1938, ambaye sauti yake ndiyo iliyoutia kwenye santuri mwanzoni mwa miaka ya 1960. Upande wa Tanzania wanamtaja Adam Salim, mwanamuziki aliyezaliwa mwaka 1916, ambaye kwa maelezo yake aliutunga mwaka 1945 akiwa Nairobi, kwa ajili ya msichana aliyempenda na ambaye wazazi wake walimwoza mtu mwenye fedha. Wako pia wanaomtaja Grant Charo, na wako wa Malindi wanaomtaja Lucas Tututu. Kila jina lina watetezi wake, na kila mtetezi ana mzee anayemjua aliyeusikia wimbo kabla ya santuri.

Mimi sioni ajabu yoyote kwamba wenye madai ni wengi. Nani alikuwa na karatasi mwaka 1945? Dansi ya wakati ule ilitembea kwa mdomo. Vijana walirudi kutoka vitani Burma na magitaa, kwenye gramafoni zilisikika santuri za Kikuba za GV, mfululizo wa kampuni ya HMV, na bendi ya mtaa mmoja iliimba Jumamosi kile ambacho bendi ya mtaa wa pili iliimba Ijumaa. Mwimbaji aliongeza ubeti, mwingine akapunguza, wa tatu akabadilisha jina la mpenzi liendane na aliyekaa meza ya mbele. Wimbo mzuri uliishi kwa kuibwa. Hakuna aliyeona wizi hapo, kwa kuwa hakuna aliyekuwa akilipwa kwa utunzi. Mtu alilipwa kwa kupiga usiku ule.

Sheria ya hakimiliki, tuliyoletewa na Waingereza, inatazama kwa namna nyingine kabisa. Wimbo haulindwi mpaka uwe umeandikwa au umerekodiwa. Uimbe miaka kumi na tano ukumbini, ulizwe watu, uoe kwao; kama hakuna karatasi wala santuri, mbele ya sheria hukuimba kitu. Atakayefika studio wa kwanza ndiye atakayeulizwa jina. Simsemi Fadhili vibaya kwa hili, maana yeye hakuitunga sheria, na isitoshe kilichosikika kwenye santuri yake ni kazi yake kweli. Ninachosema ni kwamba kuna kutunga, kuna kupanga, kuna kuimba na kuna kurekodi, na sheria ilizikusanya kazi hizo zote ikazipa sanduku moja lenye kufuli moja. Kila anayegombania Malaika anagombania sanduku lile. Kwamba watu wanne wangeweza kuwa na sehemu nne katika jambo moja, sheria haikuacha nafasi ya kuliandika.

Ukiniuliza kazi ipi kati ya hizo ndiyo iliyoufanya wimbo uishi, nitajibu bila kusita: kurekodi. Na hapo lazima tuingie studio.

Fadhili aliurekodi kwanza akiwa na bendi yake ya Jambo Boys, kisha akaurudia Nairobi chini ya lebo ya Equator, iliyoendeshwa na Mwingereza Charles Worrod. Equator ya mwanzo wa miaka ya 1960 ilikuwa mahali pa ajabu. Worrod aliwaweka wanamuziki pamoja katika kundi la studio, Equator Sound Band, badala ya kungoja bendi zije zilivyo. Fadhili alikuwamo. Daudi Kabaka alikuwamo. Kutoka Rhodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia, walikuja Nashil Pichen Kazembe na Peter Tsotsi Juma, na wao wakaja na ladha ya kusini iliyochangia kuzaa ile twisti ya Kiafrika ambayo Kabaka ndiye aliyekuja kuitwa mfalme wake. Fundi Konde naye alihusika na lebo hiyo, mzee wa pwani ambaye wakati wa vita alikuwa kwenye kikosi cha burudani cha jeshi huko Bara Hindi na Burma, na ambaye ni miongoni mwa Wakenya wa kwanza kushika gitaa la umeme.

Wanamuziki wa namna hiyo wangeweza kuujaza wimbo mbwembwe. Hawakufanya hivyo. Malaika ya Equator inakwenda polepole, mwendo wa mtu anayetembea nyumbani jioni bila haraka ya kufika. Kodi za gitaa, yaani noti zinazopigwa kwa pamoja, ni chache kiasi kwamba mwanafunzi anaweza kuzikamata siku ya kwanza. Sauti ya Fadhili ni nyepesi, ya puani kidogo, haipandi kulia wala haishuki kubembeleza. Anasema hana mali kama vile mtu anavyosema leo ni Jumanne. Mtu akikueleza shida yake bila kupandisha sauti ndipo unapomwamini, na nadhani hapo ndipo Fadhili anapowapita wote waliomfuata, wakiwamo wenye sauti kubwa kuliko yake. Nimewasikia wapigaji wa hoteli wakiweka kitetemeshi kwenye neno "roho" mpaka vioo vinataka kupasuka. Fadhili anapita hapo kama hapaoni.

Worrod alikuwa mfanyabiashara, na biashara yake ilikuwa na faida moja ambayo wanamuziki wengi wa Afrika wa kizazi kile hawakuipata: alijua haki za uchapishaji wa nyimbo ni mali, akazishughulikia. Santuri za Equator ziliondoka Nairobi zikiwa na jina juu yake. Ndiyo maana wimbo wa Daudi Kabaka, Helule Helule, ulipochukuliwa na bendi ya Uingereza ya Tremeloes mwaka 1968 ukapanda kwenye chati zao, ulijulikana ulikotoka.

Ukitaka kujua uzito wa jambo hilo, mkumbuke Solomon Linda. Mwaka 1939 alirekodi Mbube mjini Johannesburg kwa kampuni ya Gallo, akauza haki zake kwa malipo madogo ya mara moja. Santuri ikafika Marekani, The Weavers wakauimba kama Wimoweh mwanzoni mwa miaka ya 1950 kwa dhana kwamba ni wimbo wa jadi usio na mwenyewe, na mwaka 1961 The Tokens wakaupeleka kileleni wakiuita The Lion Sleeps Tonight. Linda alifariki mwaka 1962 akiwa maskini. Familia yake ilifikia makubaliano ya kulipwa mwaka 2006. Wimbo wa Afrika ulipovuka bahari bila karatasi, ng'ambo walisema umetungwa na "watu", na "watu" hawana akaunti benki. Malaika ilivuka na karatasi. Karatasi ile ina ubishi, ndiyo, na anayemwamini Adam Salim ana haki ya kuiona chungu. Lakini walau wimbo ulifika ukiwa na mwenyewe.

Aliyeupeleka mbali zaidi ni Miriam Makeba. Alipoanza kuuimba alikuwa tayari mtu asiye na kwao: mwaka 1960 alinyimwa ruhusa ya kurudi Afrika Kusini hata kumzika mama yake, na mwaka 1963, baada ya kutoa ushahidi Umoja wa Mataifa dhidi ya ubaguzi wa rangi, utawala ule ukamvua uraia. Mwaka 1965 aliurekodi pamoja na Harry Belafonte katika albamu yao ya pamoja, na mwaka uliofuata albamu hiyo ikapata tuzo ya Grammy. Watu wengi duniani ukiwaambia Malaika, wanasikia sauti yake, na wengine wanaamini kabisa kwamba wimbo ni wa Afrika Kusini.

Matamshi ya Mama Makeba si ya Kiswahili cha kwetu, kuna silabi anazoziminya na nyingine anazozinyoosha, na wako walimu wa lugha ambao hawajamsamehe mpaka leo. Mimi nimemsamehe zamani. Aliendelea kuuimba kama kijana wa kiume anayetaka kuoa, hakugeuza maneno yamfae mwanamke, na kutokana na hilo kikatokea kitu ambacho Fadhili hakuweza kukitoa: ukimsikiliza unajua kwamba huyu anayeimba habari za kuoa hazungumzii harusi. Kuna kitu kingine anachokitaka na hawezi kukifikia, na aliyemzuia ana jina na ana ofisi. Kwa hiyo, ingawa shilingi za mahari zimefifia katika toleo lake, kizuizi hakijafifia. Hapo nampa heshima zake zote.

Waliofuata ni wengi na nitawapita mbio. Hep Stars wa Sweden waliuimba mwaka 1967, na ndani ya bendi ile alikuwamo kijana wa kinanda aitwaye Benny Andersson ambaye baadaye dunia ilimjua kupitia ABBA. Ulipendwa sana kwao. Usha Uthup wa India, ambaye aliwahi kuimba Nairobi, aliuchukua ukawa mmoja wa nyimbo zake za jukwaani. Boney M waliutoa mwaka 1981 ukiwa umepigwa pasi na kunyunyiziwa manukato. Angélique Kidjo wa Benin aliuweka kwenye albamu yake Logozo ya mwaka 1991, na yeye kwa maoni yangu ndiye pekee katika kundi hili aliyejua kwamba wimbo una uzito wa kubebwa.

Nina neno moja kuhusu Boney M kwa sababu walipendwa sana kwetu na sitaki ugomvi na wazazi wangu. Lile toleo lao ni tamu. Tatizo lake ni kwamba hakuna mtu ndani yake mwenye shida ya fedha. Kila kitu kinang'aa, waitikiaji wamepangwa kama maua mezani, na mwimbaji akisema pesa zinamsumbua unahisi labda amepata nyingi mno na hajui aziweke wapi. Nadhani ni kwa njia hiyo Malaika iligeuka kuwa wimbo wa harusi. Haukuenda moja kwa moja kutoka kwa Fadhili hadi ukumbini. Ulikwenda Ulaya kwanza, ukafuliwa ile jasho ya mpagazi, ukarudi kwetu kwenye kaseti ukiwa msafi, nasi tukauvaa kama nguo mpya.

Hoteli za pwani nazo zilisaidia. Utalii ulipostawi Mombasa na Malindi, bendi ya kandokando ya bwawa ilihitaji nyimbo ambazo mgeni anazijua tayari, na Malaika alikuwa ameusikia kwao. Wapigaji walifanya kazi yao, na kazi ile ililisha nyumba nyingi, siwakosoi. Lakini wimbo unaopigwa kila usiku kwa watu wasiojua maneno yake huanza kubaki na jina tu na sauti. Vijana wetu wengi waliuchukua kutoka hapo. Ukiwauliza unahusu nini, watajibu mapenzi, na ukiwauliza mapenzi ya namna gani, watakuimbia mstari wa kwanza.

Fadhili mwenyewe aliishi Marekani kwa miaka mingi, akarudi Kenya miaka yake ya mwisho, akafariki Februari 2001. Alikuwa na nyimbo nyingine, Taxi Driver mojawapo, lakini popote alipokwenda aliombwa ule mmoja. Ndiyo taabu ya mwanamuziki mwenye wimbo mkubwa kuliko yeye: umati unamshangilia akianza na kunyanyuka akimaliza, na yaliyo katikati ya maisha yake hayana wa kuyauliza.

Sijasahau kwamba kuna watu wanaojua wimbo unasema nini na bado wanautaka harusini. Rafiki yangu mmoja, mpiga gitaa wa kumbi, aliniambia hoja ambayo sijapata kuijibu vizuri. Alisema bwana harusi akiusikia Malaika anajisikia mshindi, kwa kuwa yule wa kwenye wimbo alishindwa na yeye ameweza. Na anaweza kuwa alichukua mkopo, alichangiwa na kamati, aliuza pikipiki, lakini ameweza. Akaongeza kwamba wazee nao wanautaka kwa sababu unawakumbusha wale ambao hawakuwapata. Nikamwambia hayo ni maelezo ya mtu anayelipwa kuupiga. Akasema ndiyo, na kwamba kwenye harusi tano kati ya sita hulipwa nusu, na nusu nyingine huahidiwa wiki ijayo. Kwa hiyo naye anauimba kwa haki.

Kamati za harusi, nikizitaja, ni sura nyingine ya habari hiihii. Ule mzigo uliotoka kwa ukoo ukamwangukia kijana mmoja wa mjini, sasa tumeurudisha kwa watu wengi kupitia kundi la simu na namba ya kutumia mchango. Kijana wa Malaika hakuwa na kamati. Angekuwa nayo, wimbo usingekuwapo, au ungekuwa mrefu zaidi ukitaja majina ya walioahidi wakaingia mitini.

Anayetaka kuusikiliza upya nampa utaratibu wangu, akiona unafaa. Anza na Fadhili wa Equator, bila kufanya kazi nyingine yoyote, na usikilize anavyopita juu ya neno "mali" bila kusimama. Halafu Makeba, toleo lolote alipokuwa mtu mzima akiwa na gitaa moja au mawili tu nyuma yake. Kidjo baada ya hapo. Hep Stars ukiwa na muda wa kushangaa vijana wa Kiswidi wakisema "kijana mwenzio". Boney M wafae kuoshea vyombo. Kisha rudi Equator, tafuta santuri za miaka ileile za Daudi Kabaka na wenzake, usikie vijana wa studio ileile, wa mishahara ileile, wakicheza twisti.